Tetemeko, mafuriko, tope: mchango wako umpe nani?

Maafa yakitokea, grupu letu la WhatsApp hupata namba za kuchangia kabla halijapata idadi ya waliofariki. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe juu ya mji wa Katesh, hadi saa mbili usiku nilikuwa nimeshatumiwa namba sita. Moja ya taasisi, mbili za makanisa, moja ya kijana mmoja maarufu mtandaoni, na mbili ambazo ukiziingiza kwenye simu zinaleta jina la mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu. Chini ya kila namba maneno yalikuwa yaleyale: tuma chochote ulichonacho, ndugu zetu wanateseka.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wenyeji wa Kagera tunaoishi Dar es Salaam. Kazi yenyewe haina posho, ina simu tu. Kila likitokea janga kubwa naulizwa swali moja: hela tupeleke wapi? Tangu tetemeko la Bukoba la 2016 nimelijibu swali hilo vibaya mara moja, na mara nyingine nadhani nilikaribia. Nitaziweka njia zote mezani, moja kando ya nyingine, niseme ipi inafaa lini na ipi mimi siipelekei hata senti.

Kwanza tukubaliane tunaogopa nini. Wengi tunaogopa wizi, na tuna haki. Ila ipo hofu ya pili ambayo vikaoni haisemwi: kwamba hela haitaibiwa, risiti zote zitakuwepo, mkaguzi atatia saini, halafu utagundua imefanya jambo ambalo wewe hukulichangia. Njia moja yaweza kukulinda na hofu ya kwanza ikakuacha wazi kwa ya pili. Kwa hiyo mtu akiniambia shirika fulani "linaaminika", namuuliza: kwa lipi?

Kagera: jina moja, akaunti mbili

Tetemeko lile lilipiga Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, kwa ukubwa wa 5.9. Liliua watu zaidi ya 15, likabomoa nyumba nyingi mno, likaziharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato hadi zikafungwa. Ikafunguliwa akaunti ya michango kwa jina la Kamati Maafa Kagera, na fedha zikaanza kuingia kutoka kwa makampuni, balozi, vyama na watu binafsi. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lilelile.

Jina lilelile! Sisi tumefundishwa kusoma jina kabla ya kubonyeza namba ya siri. Hapa kusoma jina kusingesaidia kitu. Ungepaswa kulinganisha tarakimu, moja baada ya nyingine, na tangazo rasmi. Tangu hapo namba ya akaunti siichukui kwenye ujumbe uliosambazwa. Naifuata ilikotoka, kwenye tovuti au tangazo la taasisi yenyewe.

Hofu ya pili nayo ilifika, Januari 2017. Rais alipokwenda Kagera alieleza kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba misaada itaelekezwa kwenye majengo ya umma kama shule na zahanati. Hoja hiyo ina uzito wake. Darasa linahudumia watoto kwa miaka hamsini. Lakini wachangiaji wengi walikuwa wametuma hela wakiwa na picha kichwani ya bibi wa mtaa wa Hamugembe, Bukoba, amelala uani chini ya turubai. Walichangia bati. Hela yao iliingia chungu kimoja na ya wengine, na chungu kikapika chakula kingine. Mjadala uliowaka baada ya pale haukuwa wa wizi hata kidogo. Watu walikuwa wanauliza, tulichangia nini?

Na kikundi chetu? Sisi tulijiona wajanja, hatukutuma huko. Tulimpa mwanachama mwenzetu aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani, shilingi milioni moja na laki nane taslimu, anunue bati agawe. Akagawa, naamini. Bati alinunua kwa fundi, kwa jirani, kwa duka la barabarani, na karatasi moja tu ndiyo iliyorudi, imelowa. Mwaka mzima nikijibu, "Mweka hazina, zile bati zilikuwa ngapi?" Hiyo ndiyo mara niliyosema nililijibu swali vibaya. Kumjua mtu hakukutosha. Yeye mwenyewe alihitaji risiti kuliko sisi, maana jina lake ndilo lililochafuka.

Mfuko wa serikali ukiuweka kando ya Msalaba Mwekundu

Hizi ndizo njia mbili ambazo Mtanzania wa kawaida huzichagua kati yake, basi nitakaa hapa kidogo.

Serikali ina vitu viwili ambavyo hakuna shirika litakalovipata: ardhi na amri. Baada ya Hanang kulikuwa na familia zisizoweza kurudi kwenye viwanja vyao, kwa kuwa viwanja vyenyewe vilikuwa chini ya tope. Palihitajika eneo jipya, upimaji, maji, umeme, barabara. Nyumba 109 zikajengwa katika eneo la Waret, baadhi yake na Msalaba Mwekundu, na zikakamilika baada ya takriban mwaka mmoja. Kikundi chetu kingechanga miaka ishirini kisingeweza kupima hata kiwanja kimoja pale. Ukitaka mchango wako uishie kwenye ukuta na paa la kudumu, mfuko wa serikali usiubeze. Tena tangu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 mambo haya yana mwenyewe anayejulikana, Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo swali lako lina mlango wa kubisha.

Ila jibu linachelewa. Hesabu za serikali hufungwa Juni. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yule tunayemwita CAG, hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi mwaka unaofuata, na bungeni Aprili. Aliyechangia Septemba 2016 alikuwa ndani ya mwaka wa fedha 2016/17, ambao ripoti yake ni ya 2018. Mwaka na nusu umesubiri, na pengine mfuko uliouchangia umepata aya mbili. Na lile la chungu kimoja liko palepale. Hakuna anayekuahidi kwamba elfu kumi yako ni ya bati wala ya saruji.

Msalaba Mwekundu una kasi. Chama cha Tanzania kipo kwa sheria ya Bunge tangu 1962, cha Kenya tangu 1965, na watu wake wa kujitolea ni majirani, vijana wa mtaani waliofundishwa huduma ya kwanza. Tena shirikisho lao la kimataifa lina mfuko wa dharura, ulioanzishwa 1985, unaotoa fedha kwa chama cha nchi mapema kabla michango ya watu haijakusanyika. Maana yake siku unayobishana na mkeo kama ni elfu kumi au ishirini, mahema huenda yameshapakiwa kwenye lori. Mchango wako unaziba pengo lililobaki. Si vibaya kulijua hilo, linapunguza haraka ya kubonyeza simu bila kufikiri.

Sasa makosa yao, maana wanayo. Mwaka 2017 shirikisho hilo lilikiri hadharani kwamba zaidi ya dola milioni 6 zilipotea kwa udanganyifu katika kazi ya Ebola ya 2014 hadi 2016 huko Guinea, Sierra Leone na Liberia. Kulikuwa na ankara za forodha zilizovimbishwa, bei za vifaa zilizopandishwa, na ubadilishaji wa fedha uliopikwa kati ya watu wa benki na waliokuwa wafanyakazi wa shirika. Hiyo ni hofu ya kwanza, wizi mtupu. Halafu iko Haiti. Baada ya tetemeko la 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR wakaandika kwamba nyumba za kudumu zilizojengwa na chama hicho zilikuwa sita. Chama kilipinga, kikasema kimewasaidia watu wengi sana kwa makazi ya aina nyingine, matibabu na maji. Hata ukiwaamini wao, hiyo ni hofu ya pili ile ile ya Kagera: watu walidhani wanachangia nyumba.

Ukinilazimisha nichague kati ya hivi viwili kwa wiki mbili za mwanzo, nachagua Msalaba Mwekundu wa nchi husika bila kusita. Kwa mwezi wa sita na kuendelea, wakati wa kujenga, siko tena na uhakika huo. Hapo naangalia nani ameshapewa eneo na nani ametangaza idadi ya nyumba. Na kumbuka kwamba Msalaba Mwekundu ni familia ya vyama vingi. Kosa la Haiti si la Dodoma, na sifa ya Nairobi si ya kila mahali.

Wakenya walivyochanga

Ukame wa 2011 uliipiga pembe yote ya Afrika, na Turkana ilikuwa kwenye magazeti kila asubuhi. Julai mwaka huo Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, umoja wa wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki nne, namba ya kulipia ni 111111, na hata mwenye shilingi kumi alikaribishwa. Lengo lilivukwa kwa mbali.

Ukiuweka mchango huo kando ya akaunti ya Kagera, tofauti ninayoiona haiko kwenye uzalendo. Iko kwenye namba. Namba ilikuwa moja, rahisi kiasi kwamba mtoto angeikariri, na ilitajwa redioni na kwenye televisheni kutwa nzima. Mtu asingeweza kuanzisha yake ya kufanana bila kushtukiwa. Tena aliyepokea fedha (kampuni ya simu na benki) hakuwa ndiye anayezitumia (Msalaba Mwekundu), na waliokuwa wakitangaza jumla walikuwa wengine tena, vyombo vya habari. Mifuko mitatu, macho matatu. Ukiona mchango ambao mtu yuleyule anapokea, anatumia na anatangaza, hata awe mtakatifu, jua ulinzi wake ni dhamiri yake pekee.

Kwa walioko ughaibuni

Binamu yangu yuko Leicester, na kila mara huniuliza kama apitishe hela kwangu au atoe hukohuko. Uingereza wana Disasters Emergency Committee, umoja wa mashirika 15 ulioanzishwa 1963, ambao likitokea janga kubwa sana hufungua mchango mmoja kwa niaba ya wote. Mchango wao wa Afrika Mashariki wa 2011 ulileta pauni milioni 79. Ni njia safi: mashirika hayashindani kwa matangazo, na ripoti zao ziko wazi. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa nadra. Hawakuufungua kwa ajili ya Hanang, wala kwa mafuriko ya Kenya ya 2024 yaliyoifagia Mai Mahiu. Maafa yetu mengi ni makubwa kwetu na madogo kwenye televisheni za London.

Basi kinachobaki kwa mtu wa ughaibuni ni shirika moja moja lenye ofisi kwao na kazi kwetu, au GoFundMe, tovuti ambayo mtu yeyote hufungua mchango wake. Kwa shirika, rejista ya Charity Commission, mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales, iko wazi mtandaoni: unaandika jina, unaona mapato, matumizi na wadhamini kwa miaka kadhaa. Marekani nako mamlaka ya kodi ina orodha yake. Dakika kumi zinatosha.

Kwa GoFundMe kuna jambo ambalo wachangiaji wengi hawalijui. Benki za kwetu hazimo kwenye nchi zinazoruhusiwa kupokea, kwa hiyo anayeonekana anachangisha kwa ajili ya Katesh lazima awe na mtu katika nchi inayoruhusiwa, mara nyingi Ulaya au Amerika, ambaye fedha zinaingia kwake kwanza, kisha yeye ndiye anayezituma. Muulize ni nani huyo na atatuma kwa njia gani. Mwenye nia njema ana jibu tayari. Kenya wana M-Changa, ambayo imezaliwa na harambee na inaelewana na M-Pesa, na kwa mchango wa Kenya naiona bora kuliko mzunguko huo wa mabara mawili.

Hela mkononi au blanketi?

Mabishano ya kikundi chetu hufika hapa saa tatu usiku na hayaishi. Wazee wanataka vitu: unga, maharage, mablanketi, sabuni. Vijana wanasema tuma hela, mtu ajinunulie.

Ushahidi wa hela mkononi ni mzuri kuliko wazee wanavyodhani. Huko Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 maskini takriban dola 1,000 kila moja kupitia simu, na watafiti wakafuatilia. Kila dola iliyoingia ilizaa kama dola mbili na nusu za uchumi katika eneo lile, na bei za vitu sokoni hazikupanda ila kidogo sana. Waliokuwa wakihofia pombe walirudi nyumbani mikono mitupu. Hayakuwa maafa, lakini kanuni inahamishika: mwathirika anajua kuliko mimi kama anahitaji bati, nauli ya kwenda kwa dada yake, au jeneza.

Pamoja na hayo, hela haina maana pale duka lilipofukiwa. Siku za kwanza Katesh mtu alihitaji maji safi, chakula kilichopikwa na pa kulala. Baada ya hapo Babati na Singida wanauza kila kitu, na lori la nguo kutoka Dar linakuwa mzigo kwa anayelipokea, anatafuta ghala na vijana wa kupanga. Nguo kuukuu ndizo hasa. Mimi nimewahi kufungua salfeti la "msaada" nikakuta ndani viatu vya mguu mmoja.

Kuhusu uaminifu wa njia hii, kuna kisa kimoja ninachokirudia kila kikao. Mwaka 2023 GiveDirectly lilitangaza lenyewe kwamba limeibiwa takriban dola 900,000 huko Kivu Kusini, Kongo. Kwa kuwa usalama ulikuwa mdogo na simu chache, lilikuwa limelegeza utaratibu wake, likawaachia baadhi ya wafanyakazi kuwasajilia watu laini za simu. Baadhi ya hao hao wakala njama, na familia zaidi ya 1,700 zikakosa chao. Mjumbe mmoja wetu alisikia akasema, "Unaona? Wezi." Mimi nilisikia kitu kingine. Shirika lilisema kiasi, mahali, namna lilivyopigwa na nini kimebadilishwa. Sijui vikundi vingapi, na chetu kikiwemo, vingeweza kuandika ukurasa wa namna hiyo kuhusu kosa lao. Shirika lisilo na hata kisa kimoja cha hasara katika miaka kumi ya kufanya kazi kwenye vita na mafuriko, mimi ndilo linalonipa wasiwasi.

Kanisa, msikiti na mtu maarufu

Parokia yenye jumuiya ndogondogo inajua mlango kwa mlango nani amelala nje. Imamu naye anajua. Hakuna shirika la mjini linaloweza kushindana na ujuzi huo, na ndiyo maana Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na taasisi za Kiislamu zinazopitia misikiti hufika vijiji ambavyo gari la wageni halijui njia yake. Maswali yangu kwao ni mawili tu. Je, mchango wa maafa una akaunti yake, au unaingia kwenye sadaka ya Jumapili pamoja na ukarabati wa paa la kanisa? Na je, anayesaidiwa ni muumini wenu au ni kila aliyefikwa? Kwa Mwislamu kuna la ziada: sema kama unatoa zaka au sadaka. Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa, na si kila aliyepigwa na mafuriko yumo; sadaka haina mipaka hiyo. Mpokeaji anayejua kazi yake atakuuliza kabla hujamwambia.

Mtu maarufu mwenye namba yake binafsi, sipeleki. Sina ugomvi naye. Hana mkaguzi, hana mahali pa kumfuata, na video ya kugawa unga haionyeshi unga ulikuwa magunia mangapi.

Nusu saa ya kukagua

Kwa Tanzania naanzia kwa Msajili wa NGO, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, ambaye rejista yake iko mtandaoni. Hapa watu hukosea: taasisi isipoonekana humo wanapiga kelele ya utapeli. Jumuiya za dini na vyama vingi vya kijamii husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kwa hiyo uliza kwanza, "Mmesajiliwa wapi, namba gani?" kisha ndiyo uangalie. Kenya sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 2024 tu, mafuriko yakiwa bado hayajakauka, na mamlaka yake imechukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya NGO.

Usajili unakuambia shirika lipo. Haukuambii linafanya nini. Ndiyo maana natafuta hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, si za mwaka huu wa machozi. Kisha natafuta tangazo la mchango wenyewe: limetaja wilaya? Limetaja ni la chakula, makazi au maji? Limesema zikizidi zitakwenda wapi? Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mizani yangu. Shirika lililowahi kushika fedha za maafa linajua kwamba siku za mwanzo hela huzidi na mwezi wa nne hupungua, nalo huandika mapema kwamba ziada itapelekwa kwenye dharura nyingine. Tapeli hajawahi kufikiria ziada.

Halafu napiga simu. Namuuliza aliyepokea, "Mko na nani huko Hanang sasa hivi?" Akinitajia kata na vijiji, namsikiliza. Akianza kunisomea dira na dhamira, namshukuru.

Kitu kimoja nilichoacha kukiuliza ni asilimia ya gharama za uendeshaji. Zamani nilikuwa nachagua shirika linalosema asilimia 95 inamfikia mlengwa. Lakini mhasibu ni gharama za uendeshaji. Anayekwenda kijijini kuhakikisha kwamba jina kwenye orodha lina mtu, naye ni gharama. Kivu Kusini walipigwa hasa pale walipolegeza uhakiki.

Tulivyogawa

Kwa Hanang kikundi kilipata milioni mbili na laki sita. Ukiwa peke yako na elfu kumi usijisumbue kama sisi. Itume Msalaba Mwekundu kwa namba uliyoitoa kwao wenyewe, ulale. Lakini kikundi kina nafasi ya kusubiri, na kusubiri ndiko ambako hatukuwahi kukujaribu.

Nusu tuliituma wiki ileile kwa Msalaba Mwekundu. Nusu nyingine tukaiacha benki, saini tatu, na hapo ndipo nilipotukanwa. "Watu wanakufa, wewe unalalia hela!" aliandika mzee mmoja ninayemheshimu, na sikumjibu, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Krismasi ikapita. Kamera zikaondoka Katesh. Wiki ya kwanza ya Januari shule zikikaribia kufunguliwa, tukampata mwalimu mmoja wa huko kupitia kwa mwanachama wetu, akatupa orodha ya watoto waliopoteza kila kitu, na mwenyekiti wa kitongoji akaigonga muhuri. Hatukutuma hela kwa mwalimu. Tulimlipa fundi cherehani wa Babati moja kwa moja, awamu mbili, ya pili baada ya mwalimu kuhesabu nguo.

Risiti ninayo kwenye faili. Sare 31, masweta 31, maana Katesh kuna baridi. Chini yake fundi ameandika kwa kalamu nyekundu: "Moja ilikuwa kubwa, nimeipunguza bure."